Choo Kilichokuwa na Mtu

Vijana wa ofisini wameniomba niandike habari za kazi ya bwana afya wa shamba, maana wanasema nshastaafu na sina la kufanya ila kukaa barazani Mlandege na kuwasema wapita njia. Ni kweli. Nimezaliwa Mlandege, nimeoa Mlandege, na ingekuwa hiari yangu nisingevuka Darajani ila kwa mazishi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi, miaka ile ya hamsini, ya kuzunguka vijiji vya Unguja akiwashawishi watu waache kichaka na pwani, wachimbe vyoo majumbani mwao. Nilichaguliwa kwa kuwa nilisoma sekondari. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa ng'ombe.

Siku ya kwanza nilivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Fundi Mabruki, mchimbaji wetu mkuu, alinitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Bwana mdogo, unakwenda harusini?"

"Nnakwenda kazini, fundi."

"Basi utarudi kama uliyefukuzwa harusini."

Tulikwenda Mtoni, kwenye mchanga mtupu. Shimo likatubomokea, nikazama mpaka kiunoni. Jioni mke wangu Zuhura alinisimamisha mlangoni. "Wanaume wengine wakitoka shamba huleta embe," akasema. "Wangu kaniletea shamba lenyewe."

Mabruki alikuwa mtu wa Ng'ambo kama mimi, ila babake alitoka bara. Mrefu, mkavu, mvuta tumbaku asiye na tumaini la kuacha. Kikohozi chake kilikuwa na sehemu mbili: kwanza kama mtu anayeburuta mnyororo, halafu kama mlango unaogongwa na upepo. Vyombo vyake vilikuwa mtaimbo, sururu, karai, timazi, na jiwe la saruji lenye tundu tulilolimimina wenyewe mjini na kulibeba garini kama maiti wa heshima. Kabla ya kupiga sururu ya kwanza aliuliza mihrabu ya msikiti iko wapi, ili atakayechuchumaa asiielekee kibla wala kuipa mgongo. Mzungu aliyetuchorea ramani hakulijua hilo. Mabruki aliigeuza ramani kimya kimya, na Serikali haikuanguka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuchimba choo ni kazi ndogo. Kazi ni mwaka wa pili, bwana afya anaporudi akakuta wamefuga kuku mle. "Usimuulize mtu kama anatumia choo," aliniambia. "Atakwambia ndiyo, kwa adabu tu. Tazama njia, kama imekanyagwa. Tazama kopo la maji. Tazama buibui kama katanda mlangoni. Buibui hana adabu, atakwambia kweli."

Na adabu, vijana wangu, ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuieleza. Vyoo vyetu vya shamba havikuwa na mlango wa kufunga. Vilizungushwa makuti tu, ukuta ukijikunja kama kombe la konokono ili aliye ndani asionekane. Ndani ya choo mtu hasemi. Hayo tulifundishwa sote tangu chuo cha Kurani. Basi ukikaribia, unasimama mbali kidogo, unakohoa. Kama yumo mtu, naye anakohoa. Unageuka unakwenda zako, na mkikutana baadaye hamtajiani. Sijapata kuona sheria inayotiiwa kama hiyo Unguja nzima, na haijaandikwa popote.

Sasa. Upande wa Fumba palikuwa na kitongoji kimoja, jina lake nalificha kwa kuwa wajukuu wa watu hao ni wasomaji. Nyumba chache juu ya ardhi ya mawe, mihogo kwenye vijishimo vya udongo, na maji ya kunywa wakiteka pangoni, ng'ambo ya kijisitu cha vichaka. Pango lile lilikuwa la wanawake. Huko ndiko walikochota, wakaoga, wakasengenya. Mwanamume akipita njia ile hukohoa kutangaza kuwa anakuja, na wanawake waliomo hukohoa kumjibu: tupo, pita mbali.

Hakuna aliyetaka choo pale. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Chooni si ndiko wanakokaa majini? Tunapoingia si ndiyo maana tunajikinga kwa dua?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mbona unatwambia tumjengee jini nyumba ubavuni mwetu, na ezeko juu? Kichakani angalau analala nje."

Sekondari hawakutufundisha hilo.

Aliyekubali alikuwa mmoja tu, Bi Mize. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Tumbatu aliyeolewa pale tangu msichana, na masikio yake yalikuwa mazito kiasi kwamba ulipotaka kumwambia jambo ilibidi kitongoji kizima kikusikie. Yeye mwenyewe alisema kwa sauti ya kuita ng'ambo ya bahari, kwa sababu hakujisikia. Mwanawe Vuai alikuwa mvuvi. Mkwewe Mwanakheri, mke wa Vuai, alikuwa mwanamke mwembamba, mkali wa macho. Na wajukuu walilala kwa Bi Mize, mmoja kila upande.

"Chimbeni!" alipiga kelele. "Mie mzee, goti linauma, nimechoka kukimbizana na nyoka!"

Tukachimba nyuma ya nyumba yake. Mawe yale yalikuwa kama chuma. Tulipokaribia kumaliza, mtaimbo ukamponyoka Mabruki, ukateleza kwenye ufa wa chini, ukapotea. Tukasikia ukigonga, ukigonga tena, halafu kimya, halafu mara moja zaidi, mbali mno. Mabruki alikaa ukingoni akautazama ufa kwa muda. "Choo hiki," akasema, "hakijai mpaka Kiyama." Tukaona ni bahati. Sheha, mkuu wa kitongoji, akawaagiza majirani wote wakitumie hicho mpaka tutakapowachimbia vyao, nami nikarudi kwangu nikiwa na furaha kama niliyejenga msikiti.

Niliporudi, mvua za masika zilikuwa zimekwisha. Nikatazama njia kama nilivyofunzwa. Nyayo zilikuwa nyingi kutoka kila nyumba, lakini zote zilifika mahali pamoja, hatua chache kabla ya ukuta wa makuti, zikazunguka, zikarudi. Palikanyagika duara, kama mahali watu wanapocheza ngoma. Kutoka duara lile mpaka mlangoni palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, pana, zenye kidole gumba kilichopinda.

Nikawauliza watu, nikiivunja sheria ya fundi. Hamtumii choo?

"Tunakwenda," alisema wa kwanza. "Ila kina mtu."

Wa pili naye akasema kina mtu. Wa tatu akanitazama, akatazama kule, akashusha sauti. "Bwana afya, kina mtu asubuhi. Kina mtu adhuhuri. Kina mtu magharibi. Sisi tunarudi kichakani. Huko hakuna anayetujibu."

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu ilikuwa asubuhi na niko katikati ya watu.

Adhuhuri nikaenda peke yangu. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo mama zetu walitukataza kupita penye majabali. Kivuli changu kilikuwa kimejificha chini ya viatu. Hapakuwa na upepo, lakini ncha za makuti zilikuwa zikitikisika polepole, kama nywele za mtu anayepumua akiwa usingizini. Nikasimama kwenye lile duara, kwa heshima zote, nikakohoa.

Kikohozi kikajibu, kidogo, cha koo safi, cha mtu asiye na haraka.

Nikageuka, kama mtu yeyote mwenye malezi, nikasubiri. Nikatazama mihogo. Nikahesabu vifungo vyangu. Nikakohoa tena, safari hii kwa kuomba radhi. Kikajibu tena vilevile. Na hapo nilipokuwa nikiwaza huyu bwana amekula nini, nikamwona Bi Mize akitokea mbele ya nyumba yake na kopo la maji mkononi, akija moja kwa moja, kidole gumba kilichopinda kikitangulia.

"Bi Mize! Kina mtu!"

Hakusikia. Alinipita kwenye duara, akanyoosha mkono kunipungia, akaingia. Nikaziba macho kwa kofia. Sikusikia ukelele wala ugomvi. Baadaye akatoka, kanga yake sawasawa, peke yake.

"Alaa! Mwanangu! Umesimama juani?"

"Shikamoo, Bi Mize," nikapaza sauti.

"Marahaba! Choo kizuri, bwana! Kina baridi! Kinakupulizia upepo kutoka chini!"

Nilimsubiri aingie nyumbani, ndipo nikachungulia. Ndani mlikuwa na jiwe letu la saruji, safi, lenye unyevu, na tundu lake. Hewa baridi ilitoka pale ikanigusa usoni, ikakoma, halafu ikaanza kurudi ndani. Nikaondoka kwa mwendo ambao bwana afya hapaswi kuutembea.

Sheha alinipokea barazani kwake kama aliyekuwa akinitazamia. Jina lake Mcha, mtu mtaratibu, asiyependa makuu.

"Umekisikia," akasema.

"Nimekisikia."

"Sote tumekisikia. Na yeye unamwona, anaingia mle mtu akiwamo, anatoka hana hata mkwaruzo. Bwana afya, tumwiteje mtu anayechangia choo na asiyeonekana? Tena kwao Tumbatu, na Watumbatu unajua yanayosemwa juu ya uganga wao. Tangu kichimbwe, watoto hapa wanaharisha. Mtoto wa Vuai, mjukuu wake mwenyewe, nusura tumzike. Mwanakheri kawapeleka wanawe wote kwa wazazi wake."

"Na Bi Mize anajua?"

"Nani atapiga kelele neno kama hilo?" Akaniangalia kwa huzuni ya kweli. "Hatumpigi, hatumtukani. Ijumaa baada ya sala tunakutana, tunampakia chomboni, tunamrudisha kwao. Basi."

Kwao! Hakuwa na mtu Tumbatu aliye hai anayemjua. Na usisahau, mimi ndiye niliyemsifu mbele ya watu kwa kukitumia choo kila siku. Nilirudi mjini, nikashindwa kula. Zuhura akadhani nimeanza kupenda kazi.

Ijumaa nikaenda na Mabruki, mapema, kabla watu hawajakusanyika. Njiani nilimweleza yote. Nikamwacha nyuma ya nyumba ya Bi Mize akikizunguka choo kama mganga, mimi nikaenda kule pangoni kutawadha, maana koo na miguu vilikuwa vimejaa vumbi. Wanawake walikuwa wameshaondoka. Nikakohoa kwa desturi, sikujibiwa, nikashuka.

Mle pangoni mwanga unaishia ngazi ya mwanzo. Maji yamelala meusi, hayatikisiki, na dari ya jiwe inadondosha tone, unasikia tone, unangoja jingine. Nikachota kwa kata, nikaipeleka mdomoni.

Mtu akakohoa gizani, mbele yangu, upande wa jiwe tupu.

Sikukimbia. Ningependa mseme ni ushujaa. Miguu ilikataa tu. Kikaja tena. Kwanza mnyororo ukaburutwa, halafu mlango ukagongwa na upepo.

Kikohozi kile nilikijua kama navyoijua sauti ya mke wangu. Mabruki alikuwa chooni kwa Bi Mize akikohoa, na mimi nilikuwa namsikia hapa, ndani ya mwamba. Nikaanza kucheka peke yangu. Hakuna jini! Mtu alikohoa kule juu, sauti ikapita ufani ulikopotelea mtaimbo, ikafika huku. Wanawake walipoisikia wakadhani mwanamume anakuja, wakakohoa kumwonya. Nacho kikohozi chao kikapanda hadi chooni. Kitongoji kizima kimekuwa kikipishana kwa adabu chini ya ardhi.

Ndipo nikakumbuka kuwa kata bado iko mdomoni. Kama sauti inapita, kingine kinapita.

Nikatema. Nikamwaga. Nikatoka juani, nikamkuta Mabruki amekaa juu ya jiwe, na nilipomwambia, alifunga macho.

"Kwa hiyo si mchawi," akasema.

"Si mchawi. Lakini tukisema kwa nini si mchawi, tutakuwa tumesema nini kilichokuwamo majini, na kimetoka kwa nani. Yeye peke yake ndiye aliyekitumia."

"Na tusiposema?"

Toka msituni zilikuja sauti za wanawake wakirudi tena pangoni na ndoo zao. Tukashika njia ya msikitini.

Baada ya sala walikusanyika uani mwa msikiti, wanaume mbele, wanawake nyuma ya ukuta mfupi. Bi Mize aliitwa, akaja amevaa kanga mpya, akidhani ni habari za choo. Na kwa kweli zilikuwa ndizo. Vuai mwanawe alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Nikasimama, nikaeleza kwanza sauti: nikampeleka Mabruki chooni na wazee wawili pangoni, wakarudi mbio, jasho likiwatoka, wakasema kweli, mkohozi yuko ndani ya jiwe na ana kikohozi cha fundi.

Uani pakawa na uhai. Mmoja akacheka, mwingine akamsema aliyecheka. Kisha nikaeleza maji. Uhai ukaondoka.

"Uchawi hakuna basi," alisema Sheha Mcha taratibu. "Lakini tumekunywa."

"Shimo ni letu," nikasema. "Tulichimba sisi. Ni la Serikali."

Sauti ikatoka nyuma ya watu: "Serikali haikuchuchumaa mle!"

Bi Mize alikuwa akitugeuzia macho, mdomo hadi mdomo. "Mnasemaje? Mbona mmenuna? Niambieni!"

Jambo la kumnong'oneza mtu sikioni, ilibidi nilipige ukelele mbele ya msikiti. Nikamwambia kuwa watu walisikia kikohozi chooni. Nikamwambia kwamba walimdhania. Nikamwambia habari za ufa, na pango, na maji. Alinifanya nirudie hiyo habari ya maji.

Mikono yake ikashuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ndogo, ikabidi sisi ndio tutege sikio. "Kwa hiyo mie ndiye niliyewanywesha wajukuu wangu?"

Nilikuwa nikingoja neno moja tu, lolote, na niliona kabisa jinsi ambavyo lingeweza kuwa neno baya.

Mwanakheri akatoka nyuma ya ukuta. Alikuwa amembeba yule mtoto aliyeugua, aliyebaki macho tu. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, na kila mtu akampisha.

"Mie ndiye niliyekuwa nakohoa," akatuambia wanaume. "Mie na wenzangu. Tulisikia mwanamume pangoni na hatumwoni. Hatukusema, mngetukataza kwenda kule, na pengine pa kukaa hatuna. Kila nilipomjibu, mlisikia mtu chooni. Basi jini mlilompa mama huyu ni mie." Akanigeukia. "Na siku nyengine tulimsikia mwanamume huyo akijibiwa, na sisi tumo sote, hatujakohoa. Hiyo bwana afya utatueleza siku nyengine."

Sijaieleza mpaka leo.

Kisha akainama sikioni kwa mkwewe, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Mama! Lete mtungi! Tunakwenda kisima cha mbali, na huyu nani atanibebea?"

Bi Mize akampokea mtoto. Wakatoka. Kwa muda walikuwa wawili. Halafu mwanamke mmoja akajitwisha ndoo tupu akawafuata, akafuata mwingine, mpaka nyuma ya ukuta pakabaki vumbi. Chombo kilichokuwa kimewekwa tayari ufukweni kiliachwa kipigwe jua.

Nitangulize habari ya vyoo ili nimalizie ya watu. Baadaye walituita wenyewe tuwachimbie, kwenye udongo, mbali na mawe, baada ya Mabruki kupima kwa fimbo na kwa ukaidi. Na hawakukohoa tena. Aliyeingia alitundika kanga au shuka ukutani; nguo ipo, mtu yumo. Niliichukua desturi ile nikaipeleka vijiji vingine, na ilifanya kazi kuliko hotuba zangu zote. Jifunzeni kwanza watu wanavyopishana, ndipo mchimbe.

Lakini siku ile tulikuwa bado tuna shimo. Wanaume tukaenda nyuma ya nyumba ya Bi Mize, tukang'oa jiwe la saruji, tukamwaga chokaa, tukapiga magoti kuuziba ule ufa kwa mawe kabla ya kumwaga kifusi. Vuai alifanya kazi bila kuinua uso. Vumbi la chokaa lilipanda likatujaa kooni. Wanaume wazima, macho mekundu, machozi yanatutoka, tulimeza, tukameza, Mabruki akashikilia kifua kwa mikono miwili, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kukohoa.

Lilibaki jiwe la mwisho. Njia ya kisima cha mbali hupita mdomoni mwa pango. Tukasikia kitu kinakuja chini ya magoti yetu, kutoka ndani kabisa ya mwamba, kikubwa, kisichojizuia, na mmoja wetu akaanza kusoma dua. Kilikuwa kicheko cha mtu asiyejisikia anavyocheka, na ndani yake cha mtoto.

Vuai akalishikilia jiwe mkononi, hakuliweka, mpaka kilipopita.